Gari inamisi na plagi umeshabadilisha: tafuta silinda kwanza, spea baadaye

Wenye IST, Vitz, Raum na Probox mnaijua hii. Gari ikiwa sailensi, yani imewaka bila kukanyaga mafuta, inatetemeka mpaka dashibodi inalia, ukikanyaga mafuta inashtuka shtuka, ekzosi inapiga put put put, taa ya cheki injini imewaka. Fundi anasema plagi, unabadilisha zote nne, inatulia siku mbili tatu inarudi. Anasema basi ni koili (inayoipa plagi umeme wa cheche), unaenda Ilala unanunua used, inarudi. Nozeli (zinazopuliza petroli) zinafunguliwa zinasafishwa, inarudi. Pesa imeshatoka nyingi na mpaka hapo hakuna mtu aliyekwambia ni silinda ipi inayomisi, yani inayokosa kuwaka, na inamisi wakati gani, na hayo ndo maswali mawili ya kwanza kabla hujatoa hata mia.

Hapa naongelea zaidi injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,496 yenye silinda nne na koili nne zimekaa juu ya plagi, kwa sababu ndo imejaa barabarani kwetu. Njia ni ile ile kwa gari nyingi za petroli, vipimo tu ndo vinabadilika.

Silinda ili iwake inataka vitu vitatu kwa wakati wake: cheche, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo, na mgandamizo, yani kompresheni. Kikikosekana kimoja silinda inakosa. Injini ikiwa kwenye 3,000 RPM (mizunguko kwa dakika) kila silinda inatakiwa iwake mara 25 kwa sekunde moja, kwahiyo hata ikikosa mara chache tu mwili wa gari unasikia. Na kontroboksi, yani kompyuta ya injini, inajua hivi: ile sensa ya kranki inapima mzunguko, silinda ikikosa mzunguko unapungua kidogo pale pale, boksi inahesabu ni zamu ya silinda gani.

Kwanza hakikisha kweli ni misi

Gari kutetemeka peke yake sio ushahidi. Ukiweka D umekanyaga breki gari inatetemeka, ukirudisha N inatulia na mlio wa ekzosi uko sawa muda wote, angalia mauntini za injini kabla ya yote, zikichoka mtetemo wote unaingia kwenye bodi. Na kama inatetemeka ukiwa kwenye mwendo wa 60 mpaka 80 hivi ukikanyaga mafuta kidogo kidogo, kama vile unapita kwenye matuta madogo madogo, alafu ukikanyaga zaidi au ukiachia inaacha, hiyo mara nyingi ni gia boksi ya otomatiki pale inapofunga konveta (kiungo chake na injini), na watu wanabadilishiwa koili nne kwa ugonjwa wa oili ya gia boksi. Misi ya kweli unaisikia nyuma: weka mkono karibu na mdomo wa ekzosi (usiguse), pumzi inatakiwa itoke mfululizo, ikiwa inakatika kwa mpangilio ule ule hapo kuna silinda imelala.

Kusoma kwa mashine

Ukisoma gari utakuta namba ya kosa P0301, P0302, P0303 au P0304, ile tarakimu ya mwisho ni silinda. Silinda namba moja kwenye 1NZ ni ile ya upande wa mikanda na cheni, unahesabu kuelekea upande wa gia boksi. Ukikuta P0300 maana yake misi inaruka ruka kwenye silinda zaidi ya moja, na hapo usikimbilie koili, nitarudi huko. Usikubali fundi afute kabla hujapiga picha namba zote, pamoja na ile rekodi inayoonyesha kosa lilipotokea injini ilikuwa na joto kiasi gani, RPM ngapi, mzigo kiasi gani. Hiyo rekodi watu wanaipuuza kabisa wakati ndo inakujibu lile swali la inamisi wakati gani.

Vile vimashine vidogo vya ELM327 vinavyounganishwa na simu vinafaa kwa gari nyingi ila baadhi ya gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe hasa za mwanzoni mwa miaka ya 2000 haziongei navyo hata soketi ikiingia vizuri, hapo tafuta mtu mwenye mashine ya Toyota yenyewe, ambayo pia inahesabu misi za kila silinda zikitokea.

Taa ikiwa inawaka tu unaweza kuendesha taratibu mpaka gereji. Ikiwa inapepesa, yani inawaka inazima inawaka inazima, achia mafuta, paki. Maana yake petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na masega yanayeyuka.

Huna mashine? Injini ikiwa sailensi chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda nzima ukiichomolea injini inashuka na kutetemeka zaidi, ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndo mgonjwa wako. Mafundi wengi wanachomoa soketi za koili badala ya nozeli, inafanya kazi ila petroli inaendelea kumwagwa mbichi kwenda kwenye masega, kwahiyo kama unazifikia nozeli anza nazo. Na gari za zamani zenye distributa na waya za plagi, usivute waya kwa mkono injini ikiwaka, umeme wa pale ni volti elfu ishirini na kupanda.

Hamisha, usinunue

Hiki ndo kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari akijue kwa sababu hakina gharama yoyote. Sema umepata silinda ya tatu. Zima gari, ipoe, fungua boti namba 10 ya koili ya tatu na ya pili, zibadilishane nafasi, usiguse kitu kingine. Futa makosa, endesha mpaka imisi tena, soma. Ikihamia P0302, koili imekufa, kanunue moja tu. Ikibaki P0303, koili ni nzima, sasa hamisha plagi vivyo hivyo. Ikibaki tena hamisha nozeli (hii inataka kazi kidogo na o-ringi mpya), ikibaki bado basi tatizo halihami, liko kwenye waya au ndani ya injini. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja umejinyima jibu.

Kupima koili za 1NZ kwa mita ya omu hakukusaidii sana, zina pini nne na ndani yake kuna kifaa cha elektroniki kinachowasha, sio koili tupu. Koili mbovu mara nyingi ni nzima ikiwa baridi alafu ikipata moto nyufa za ndani zinafunguka. Kwahiyo fundi akikwambia nimeipima iko poa wakati gari imelala usiku mzima hapo hajapima kitu.

Kabla ya kuilaumu koili angalia soketi yake. Plastiki ya pale juu ya injini inakauka kwa joto, ule ulimi wa kufunga unavunjika, soketi inabaki imekaa tu, gari ikipita kwenye rafu inachezacheza na misi inakuja na kuondoka. Huku Pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, ongeza chumvi ya hewa, pini zinaota ukijani. Na panya, jamani, panya wanapenda waya. Injini ikiwaka tikisa waya za soketi moja moja kwa upole, ukisikia mlio umebadilika umeshapata.

Plagi yenyewe inaongea

Toa plagi injini ikiwa baridi maana hedi ni aluminiamu na hesi za shimo la plagi ni laini. Zipange kwa mfuatano wa silinda, usizichanganye. Ikiwa kahawia kwa mbali iko sawa. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta ni mengi au haiwaki. Nyeusi yenye oili, oili inapita kwenye ringi au valvu. Nyeupe sana, hewa nyingi mafuta kidogo. Na ikiwa imeoshwa safi kabisa wakati wenzake wana rangi, shuku maji ya rejeta yanaingia kwenye hiyo silinda. Angalia pia ile kauri nyeupe ukikuta mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, huo ni njia ambayo cheche imekuwa ikitorokea pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Plagi hiyo tupa, na raba ya koili iliyokuwa juu yake nayo badilisha, ukiacha raba ya zamani plagi mpya itachorwa vile vile, na hapa ndo penye siri ya zile plagi mpya zinazotuliza gari siku mbili tatu tu.

Kama shimo la plagi lina oili, zile sili za kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) zimechoka, oili inalainisha raba ya koili na umeme unavuja. Kufuta oili peke yake ni kuahirisha, sili na gasketi ya tapeti kava vibadilishwe.

Plagi za 1NZ zinataka uwazi wa milimita 1.1, kwenye Denso na NGK ile 11 mwishoni mwa namba ndo inamaanisha hivyo. Feki ni nyingi mno, boksi linafanana mpaka herufi, nunua kwa muuzaji ambaye ukirudi utamkuta. Funga kwa mkono kwanza mpaka ikae, ndo uweke spana, kukaza kwa hasira kunapasua kauri na unakuwa umenunua misi mpya dukani.

Inamisi ikipanda mlima au ikibeba mzigo tu

Sailensi iko safi, tambarare iko safi, ukifika Kitonga na abiria wanne inaanza kukata. Mgandamizo ukiwa mkubwa ndani ya silinda cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka, kwahiyo koili dhaifu, plagi yenye uwazi uliopanuka au raba inayovuja vyote vinajionyesha hapo. Cheche zikiwa nzima geukia mafuta: pampu imechoka au filta imeziba. Kwenye 1NZ presha ya mafuta inatakiwa iwe kama psi 44 mpaka 50, na kipimo chake kifanyike huku injini ikibeba mzigo, sio ikiwa imepaki tu. Filta iko ndani ya tanki pamoja na pampu, ndo maana watu wanaisahau.

Inamisi ikiwa sailensi tu, ukikanyaga inatulia

Hapa mimi nafikiria hewa inayoingia bila ruhusa. Paipu ya vakyumu imechanika, paipu ya breki busta, gasketi ya menifodi, hata stiki ya oili isiyokaa vizuri kwenye gari nyingine. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo kwahiyo tundu dogo linaharibu kipimo, ukikanyaga hewa inakuwa nyingi na lile tundu halina maana tena. Mara nyingi inakuja pamoja na P0171, namba ya kosa la hewa nyingi mafuta kidogo. Mwenye mashine aangalie asilimia za kurekebisha mafuta: zikiwa juu, tuseme zaidi ya 10, gari ikiwa sailensi alafu zikashuka kwenye 2,500 RPM, ni hewa. Zikiwa sawa sailensi alafu zikapanda ukikanyaga, ni sensa ya hewa iliyochafuka au pampu dhaifu. Kipimo hicho kimoja kinakuokolea wiki nzima ya kubahatisha. Wengine wanapuliza kabureta klina kwenye maungio wasikilize RPM ikibadilika, inafanya kazi ila inashika moto kirahisi, usipulize karibu na ekzosi iliyopata moto.

Gari zenye EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini), valvu yake ikikwama wazi nayo inaleta dalili hizi hizi.

Asubuhi tu, dakika ya kwanza

Gari inaamka kwa kutetemeka na moshi kidogo, ikipata moto inakuwa kama hakuna kilichotokea. Angalia rangi ya moshi. Mweupe wenye unyevu unaoendelea, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, ni gasketi ya silinda hedi, maji yanajipenyeza usiku, hasa kama gari iliwahi kuchemsha. Hili usilisubirie. Moshi mweusi na harufu ya petroli, nozeli inadondosha baada ya kuzima. Bluu, sili za valvu.

Kinyume chake, inayoanza kumisi ikishapata moto tu kwenye foleni, anza na koili alafu sensa ya kranki, ingawa sensa ikifa kabisa gari inazima ghafla badala ya kumisi silinda moja.

Baada ya kuosha injini au mvua kubwa

Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Toa koili zote, omba kompresa kwa fundi pancha upulize mashimo mpaka yakauke, pulizia koili na soketi, rudisha. Kama ni gari ya distributa na waya, subiri giza liingie, fungua boneti injini ikiwaka, nyunyizia ukungu mwembamba wa maji kwenye waya kwa chupa ya dawa ya mbu, ukiona vicheche vya bluu vinaruka umejua waya gani. Waya za Toyota za aina hiyo zisizidi omu 25,000 kila mmoja.

Baada ya kujaza mafuta

Imeanza ndani ya kilomita chache baada ya kutoka sheli na inamisi silinda zote bila mpangilio? Toa mafuta kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani yatulie nusu saa, maji yanakaa chini unayaona. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, dondoshea tone kwenye karatasi, petroli inakauka na kuondoka, mafuta ya taa yanaacha alama kama ya grisi. EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta 2010 kubana uchakachuaji, lakini kinasaba hakikwambii kama tanki la chini la kituo limeingia maji ya mvua. Toa risiti, weka sampuli, rudi nayo.

Gari za gesi

Kwa madereva wa Dar mliofunga mitungi, hili ni lenu. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli, kwahiyo koili iliyochoka nusu itamisi kwenye gesi na kutulia ukirudi petroli. Mafundi wa gesi wengi wanapunguza uwazi wa plagi mpaka 0.7 au 0.8 na kwa kweli inasaidia. Ikimisi kwenye petroli tu, zile nozeli za petroli zimekaa muda mrefu bila kazi zimeganda. Ikimisi kwenye vyote viwili tena silinda ile ile, achana na mambo ya gesi kwa muda, pima valvu. Gesi ni kavu, haina kile kilainisho kidogo cha petroli, siti za valvu zinaliwa na nafasi ya valvu inapungua mpaka valvu haifungi vizuri. 1NZ ikiwa baridi inataka milimita 0.15 mpaka 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.25 mpaka 0.35 kwa za kutoa. Haijirekebishi yenyewe na haina shimu, unabadilisha vikombe vyenye unene tofauti, kwahiyo tafuta fundi mwenye feela geji na subira.

Imebaki pale pale kila ukihamisha

Hapo kwenye nozeli weka bisibisi ndefu, sikio kwenye mpini, inatakiwa igonge tik tik kama wenzake. Kimya? Pima omu zake, 12 mpaka 16 hivi ni sawa. Zikiwa sawa pima kama umeme na amri ya boksi vinafika.

Vyote vikiwa sawa, kompresheni. Injini iwe na moto, toa plagi zote, chomoa soketi za koili na nozeli, throto wazi kabisa, piga stata. 1NZ mpya inasoma kama psi 213, mwisho wa kuvumilika ni 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14 hivi. Ikisoma chini weka kijiko kimoja cha oili kwenye hiyo silinda upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Wenye D4, zile za 1AZ-FSE na wenzake, nozeli inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwahiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza kuziosha, uchafu mweusi unajijenga pale mpaka hewa inapita kwa shida. Dawa ya kumimina kwenye tanki haifiki huko, menifodi ifunguliwe isafishwe kwa mkono.

Na ile P0300 niliyosema nitairudia: misi ya silinda zote inatoka kwenye kitu ambacho silinda zote zinashea. Presha ya mafuta, sensa ya hewa, hewa inayovuja, cheni ya taimingi iliyolegea (hii mara nyingi inakuja na P0016), volti ndogo kwa sababu oltaneta imechoka, inatakiwa 13.5 mpaka 14.5 injini ikiwaka, au masega yaliyoziba. Gari ambayo imemisi miezi bila kutengenezwa masega yake yapime hata kama misi imeisha: fungua sensa ya oksijeni ya mbele, weka geji ya presha kwenye lile tundu, pandisha 2,500 RPM. Ikisoma zaidi ya psi 3 njia imeziba, na ndo sababu gari bado ni nzito na koili zote mpya.